Nani Atamsemea Abu Hel

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja. Mguu wa nne tuliuchemshia chai kule Rafah, na aliyeukata ni Mhandisi, akikataa msimsikilize. Zamani benchi hili lilikaa Shuja'iyya, Gaza mjini, kwenye kona ya mtaa wetu, mbele ya kibanda cha kahawa cha Abu Hel, chini kabisa ya dirisha langu, kwa hiyo upuuzi wote wa wanaume nilikuwa nausikia bila kushuka ngazi. Tulipoambiwa tuhame tulilipandisha kwenye mkokoteni wa punda, magodoro mawili yakabaki, na mwanangu hadi leo anaguna akilala. Sasa liko hapa Deir al-Balah katikati ya mahema, limelipa mgongo tangi la maji, na mie nimekaa nao papo hapo kwa sababu dirisha halipo tena. Nina miaka sabini na mitatu. Mwanamume wa kuniambia kijiwe si mahali pa mwanamke hajazaliwa, na akizaliwa atanikuta nimekaa.

Siku hiyo tulikuwa wanne tukinywa kahawa ya dengu. Mnaijua? Msiijue. Unakaanga dengu mpaka ziwe nyeusi kama dhambi, unazitwanga, unachemsha, halafu unajidanganya. Redio ndiye aliyepika. Redio ni mzee Abu Fayez, habari zote anazo na hajapata kumiliki redio nzima. Mhandisi hajasoma uhandisi, alikuwa fundi vigae, lakini nusu ya nyumba za mtaa wetu alizisimamia yeye, na sasa anashona mahema. Balozi aliendesha teksi ya Gaza hadi Cairo miaka ya nyuma, tangu hapo dunia yote anaijua.

— Hii leo umeiunguza, Mhandisi akasema.

— Nimeunguza nini? Dengu ikishaungua ndiyo kahawa yenyewe, Redio akamjibu. Ulitaka nikutengenezee supu?

— Abu Hel angeiona hii angeimwaga.

— Abu Hel angeiona hii angelia kwanza, ndipo aimwage.

Abu Hel alikuwa na siku kumi na moja tangu tumzike. Mtoto hakuwa naye, mke hakuwa naye. Alikuja kutoka Kuwait mwaka ule walipofukuzwa watu wetu kule, na begi moja na dele la shaba, akafungua kibanda. Kwetu mtu huitwa kwa mwanawe wa kwanza, na yeye mwana hana, basi mtaa ukamzalisha. Alivyokuwa na mkono mzito kwenye iliki, ile tunayoiita hel, akawa baba wa iliki. Abu Hel. Akaridhika nalo, akazeeka nalo.

— Iliki aliitia kabla kahawa haijachemka, Balozi akasema, kama kawaida yake ya kuanzisha ugomvi.

— Baada! Mhandisi akaruka. Mie nimekaa mbele ya jiko lile miaka ishirini!

— Umekaa umelipa mgongo jiko, unatazama wapita njia.

— Nyie nyote waongo, nikawaambia. Mie ndiye nilikuwa juu naona. Anachemsha, anashusha, anaacha povu lilale, anatia iliki, anafunika kwa kisahani, ananong'ona jambo midomoni. Akimaliza kunong'ona ndipo anamimina.

— Ananong'ona nini?

— Sijui. Kikapu changu kilikuwa na kamba ya mita saba, masikio hayakufika huko.

Wakacheka. Kikapu kile wanakikumbuka wote. Kila asubuhi nilikishusha kutoka dirishani kwa kamba, Abu Hel anatia finjani, chungu bila sukari, juu yake kisahani, nami navuta. Sijawahi kumwita, yeye hajawahi kuniita. Kamba ikicheza mara mbili, kahawa iko tayari. Marehemu mume wangu alikuwa anasema yule mzee na wewe mmeoana kwa kamba. Asubuhi zile mtaa ulinuka mkate wa tanuri na iliki, na watoto wa shule wakipita wakipiga teke makopo, na mie nawatukana kutoka juu. Sikujua kwamba ile ndiyo raha. Nilidhani ni kelele.

— Turudi kwenye jambo lenyewe, Redio akasema. Yule mwanasheria anakuja baada ya alasiri. Hajati, akanigeukia mimi, unasema au husemi?

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Siku aliyouawa Abu Hel, pale kwenye barabara ya malori ya unga, wengi walikuwepo lakini waliokuwa karibu walikimbia, na mimi magoti yangu hayakimbii. Nikaona mwanzo mpaka mwisho. Binti mmoja mwanasheria, Wijdan, anazunguka mahemani akiandika ushahidi wa watu waliouawa hivyo, akasikia, akaleta salamu kwamba atakuja.

Ningesema siku ileile. Ila nina Rital. Mjukuu wangu, miaka saba, mguu wake una chuma ndani na chuma kimeanza kuoza nyama. Jina lake liko kwenye orodha ya watoto wa kuvushwa mpakani wakatibiwe nje. Mtoto havuki peke yake, lazima awe na wa kumsindikiza. Mama yake hayupo duniani. Baba yake ni mwanangu Rateb, na mwanamume wa umri wake hapiti. Anayepita ni kikongwe kama mimi. Jina langu liko chini ya la Rital, linakaguliwa na jeshi lilelile lililomuua Abu Hel. Likikataliwa langu, na lake linabaki.

— Husemi, Redio akajijibu mwenyewe. Mtu akishasema hana siku tatu. Siku ya tatu simu inalia, namba haionekani, wanakutajia hadi ulichokula.

— Watanitajia dengu, nikasema. Si wanakuja kunionea huruma?

— Unafanya mzaha.

— Atasema, Mhandisi akadakia. Dawa ninayo. Kile kinyuki kinachovuma juu, ile ndege yao isiyo na rubani, hakisikii maneno, kinasikia sauti. Kila mtu sauti yake wameihifadhi kwa unene na wembamba. Sasa hajati aweke maji mdomoni, fundo dogo tu, aongee hivyohivyo. Sauti inabadilika, mashine inapotea.

— Na mwanasheria atasikia nini? Bata?

— Aongee polepole!

— Mhandisi, hema ulilonishonea linavuja sehemu nne, nikamwambia. Anza na hayo maji.

Balozi akakohoa kikohozi chake cha safari za nje.

— Nyie mnaogopa bure. Mimi nawaambia, huo ushahidi hausomwi na mtu sasa hivi. Ulaya kuna jengo, nililionyeshwa na abiria mmoja kwenye picha. Orofa arobaini. Kila orofa imejaa ushahidi wa watu wa dunia nzima, umewekwa kwenye majokofu.

— Majokofu ya nini?

— Usiharibike! Karatasi ya ushahidi ikikaa kwenye joto, maneno yanafifia. Wanaigandisha. Wote waliotajwa wakishakufa, waliofanya na waliofanyiwa, ndipo wanaitoa, wanaisoma kwa sauti nzuri, wanalia, wanajenga sanamu.

— Acha kamba, Balozi.

— Wallahi tena! Orofa yetu sisi ndiyo imejaa kuliko zote, ile ya chini kabisa, hata mlango haufungi.

Mhandisi alicheka hadi kahawa ikampalia. Nami nilicheka. Redio peke yake hakucheka, akawa anazungusha finjani lake kiganjani.

— Nizar alicheka hivihivi, akasema.

Nizar ni mtoto wa dada yake, kijana muuguzi. Alisimama mbele ya kamera akasema aliyoyaona wodini kwake, uso wazi, jina wazi, akataja na saa. Watu walimpongeza wiki nzima. Tulipokuwa tunahamishwa kuja kusini, pale kwenye kizuizi, askari wakamtoa kwenye mstari yeye peke yake.

— Miezi mitano, Redio akasema. Aliyefunguliwa juzi alikaa naye chumba kimoja. Anasema walimsomea maneno yake neno kwa neno, kila neno wanamuuliza, hili ulimaanisha nini. Hata salamu. Alisema "assalamu alaykum" mwanzo wa ile video, wakamuuliza alikuwa anamsalimu nani.

Balozi akamjazia finjani, Redio akainywa yote na huo uchungu wake wa uongo.

— Mie simwambii hajati asiseme kwa sababu mie mwoga, akaendelea. Mwoga ni mwoga, nimekubali. Lakini Rital mguu wake si wa kusubiri jengo la majokofu.

— Na Abu Hel? Mhandisi akauliza. Yeye asubiri?

— Abu Hel ameshakufa.

— Ndiyo nasema hivyo! Hana mtoto, hana ndugu, hana mke. Sisi ndio watu wake. Matanga yake tumenywa nini? Maji ya dengu! Mtu aliyewanywesha mtaa mzima kahawa ya msiba, kila nyumba iliyofiwa anabeba dele lake anakwenda kusimama mlangoni siku tatu, hachukui senti. Alipokufa baba yangu alisimama mpaka miguu ikavimba. Halafu sisi tukae kimya?

— Alipofungwa Fayez wangu, Redio akasema taratibu, alikuja kila asubuhi, ananiwekea finjani, haulizi kitu.

— Hakuwa mtu wa kuuliza, nikasema.

— Wala sisi hatukumuuliza.

— Siku ya harusi ya binti yangu alitia sukari, Balozi akakumbuka. Abu Hel na sukari! Nikamwambia, mzee, umeugua? Akasema, leo ni furaha, kesho tutarudi kwenye akili zetu.

Wakaanza basi. Ile kona ilivyokuwa na mti wa asumini wa nyumba ya kina Balozi ulioning'inia mpaka kwenye kibanda, maua yakaanguka kwenye vifinjani na watu wakanywa nayo. Kinyozi aliyekuwa ng'ambo, aliyekata watu nywele huku akigombana na kijiwe, ndiyo maana vichwa vya mtaa wetu vilikuwa vimenyolewa upande. Ramadhani Abu Hel alifungua baada ya tarawehe na wanaume wakakaa hadi daku, na mie juu nikawamwagia maji wakizidisha makelele. Mhandisi akaapa nilimmwagia mara tisa. Ni mara nne. Naikumbuka kila moja, nilikuwa nalenga.

Tukacheka kama watu wenye nyumba. Kisha kicheko kikakatika chenyewe, maana kilifika mahali hapana mlango wa kuingia.

Alasiri ikaadhiniwa. Wijdan akaja. Kumbe binti mdogo, nilidhani mwanasheria ni mtu mwenye tumbo. Viatu vimepasuka, kitita cha karatasi kwapani, kalamu ya wino imefungwa kwa uzi shingoni isipotee. Akasalimia, akakaa ukingoni mwa benchi upande wa tofali, Mhandisi akamsogeza haraka.

— Hajati, kabla hujasema neno, nieleze unachoogopa, akaniambia.

Nikampenda hapohapo. Nikamweleza Rital, mguu, orodha, jina langu chini ya lake. Hakunidanganya.

— Siwezi kukuahidi kwamba hawatakukata kwenye orodha, akasema. Wapo waliosema wakapita. Wapo waliosema wakakatwa, na hakuna aliyeambiwa sababu. Lakini si lazima nikutaje. Nitaandika: shahidi mwanamke, mkazi wa zamani wa Shuja'iyya. Basi. Simu sizitumii, naandika kwa mkono.

Redio akashusha pumzi kama godoro lililotobolewa.

— Si ndiyo hivyo! akasema. Tangu asubuhi tunapigana bure. Hajati, sema, huna jina.

Nikasema. Nitawaambia na nyie kama nilivyomwambia yeye, sikuongeza chumvi.

— Nilikuwa nyuma yake, watu sita kati yetu. Alikuwa ameshapata unga, kiroba begani, anarudi. Kipaza sauti kikalia kutoka upande wa vifaru, simameni. Tukasimama. Yeye akakiweka kiroba chini taratibu, maana kiroba kikipasuka umekula mchanga. Akanyoosha mikono yote miwili. Mkono wa kulia ulikuwa mweupe unga hadi kwenye kiwiko. Risasi moja. Watakwambia mbili, au nyingi, zilizokuja baadaye zilikuwa za kutawanya watu. Ya kwake ilikuwa moja. Najua kwa sababu niliingojea ya pili. Hakuanguka kama wanavyoanguka kwenye sinema. Alikaa. Alikaa chini kama mtu aliyechoka, halafu akainama. Nikamfikia mimi na kijana mmoja nisiyemjua. Nguo yake iliungua pale risasi ilipoingia. Hakusema kitu. Jua lilikuwa limetoka kama nusu saa.

Wijdan aliandika yote, hakuinua kichwa. Mhandisi alikuwa anatazama mahema. Balozi machozi yalikuwa yanamtoka na anajifanya ni moshi wa jiko.

— Umesema vizuri, hajati, Wijdan akasema. Bado kidogo tu. Akafungua ukurasa mwingine. Marehemu, jina lake kamili?

— Abu Hel, tukasema wote wanne.

— Hilo nimeliandika. Jina lake.

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Nikamtazama Redio, maana habari zote anazo. Redio akamtazama Balozi.

— Mahmud? Balozi akasema.

— Mahmud alikuwa yule muuza samli, Mhandisi akasema. Huyu... si Ismail?

— Ismail nani?

— Sijui. Nasema tu.

— Kitambulisho chake? Wijdan akauliza.

— Kiliungua na kibanda.

— Kaburini mmeandika nini?

Mhandisi ndiye aliyeandika, kwa rangi, juu ya ubao wa sanduku. Akasema kwa sauti ya mtoto aliyevunja chombo:

— Abu Hel. Muuza kahawa.

Miaka thelathini na zaidi. Nilijua anaanzia mguu gani kushuka kwenye kizingiti. Nilijua akiumwa jino, kwa namna anavyokishika kisahani. Kumwuliza mtu aliyekunywesha kahawa miaka yote hiyo, wewe unaitwa nani, ni aibu, ni kama kumwambia hukuwa wetu. Basi tukamheshimu. Tukamheshimu mpaka tukampoteza.

Wijdan hakutulaumu. Aliweka kalamu juu ya goti.

— Nitauliza kwa wengine waliotoka Kuwait mwaka ule, akasema. Labda nitapata, labda sitapata. Ila niwaambie ukweli. Mtu asiye na jina wala namba, kwenye orodha ya waliokufa anaandikwa hajulikani. Na hapa juu nimeandika shahidi asiyetajwa. Karatasi hii itasema mtu asiyetajwa alimwona mtu asiyejulikana. Watauliza, kwani nani kafa?

Kile kinyuki kilikuwa kinavuma juu yetu vilevile.

— Niandike mie, Redio akasema ghafla. Jina langu, si lake.

— Ulikuwepo, mzee?

— Sikuwepo.

— Basi haiwezekani.

— Nizar angekuwepo angesema, Redio akasema, akainamisha kichwa.

Nikamwona Rital, si kwa macho, alikuwa kwa jirani anachezea vifuniko vya chupa. Nikauona mguu wake ninapoufungua asubuhi na harufu yake. Nikamwona yule mzee ameukunja mkono mweupe tumboni. Nikawakasirikia wote wawili, kusema kweli. Mmoja mdogo mno, mwingine mpole mno.

— Andika, nikasema. Sabiha.

— Hajati! Redio akanishika mkono wa gauni.

— Sabiha Darwish Salim al-Ghandur. Darwish kwa herufi dali. Nimezaliwa Shuja'iyya, nyumba ya pili kutoka kwenye kona.

Wijdan hakuandika. Alinitazama.

— Una uhakika, mama?

— Sina, nikamwambia. Andika kabla Rital hajaja kuniuliza tunaondoka lini.